Sauti Niliyoiita ya Baba Yangu

Juma hili tumemzika muganga wa dispansari ya mtaa wetu. Wasomaji wangu wa gazeti hili mnanijua: nilitoka Kibombo na gunia moja la mchele, darasa la tatu sikulimaliza, na leo malori yangu mawili yanafika Pangi. Sikuzoea kuinamisha kichwa. Kwake nimeinamisha, na nimechelewa.

Binti yangu wa kwanza nilimpa jina la marehemu baba, mzee aliyekuwa na sauti nzito ya kukwaruza. Kwetu, mtoto aliyepewa jina la mzee huamkiwa kama mzee mwenyewe. Basi alipofika miaka mitatu sauti yake ikaanza kukwaruza, nami nikafurahi. Nilimwita mbele ya wageni awakaribishe, nao wakacheka: "Mzee amerudi."

Siku moja muganga alikuja dukani kwangu kununua mchele, akamsikia. "Sitwayen," akaniita, kama raia tulivyoitana zama zile, "ile si sauti ya baba yako. Njo ugonjwa. Kuna vinyama vinaota kooni. Sikia vile pumzi inapiga filimbi. Umulete kesho."

"Baba yangu ulimujua wewe?" nikamjibu mbele ya wateja. "Piga sindano zako." Wateja walicheka, na mimi nikacheka kuwazidi.

Haukupita mwezi, mchana mmoja mtoto akashindwa kuvuta hewa. Midomo ikawa rangi ya majivu, na kila alipovuta, ngozi ya chini ya shingo ilizama ndani. Nilikimbia naye mikononi. Muganga hakunikumbusha neno. Alimtoboa shingo chini ya koromeo, akaingiza mrija wa chuma, mtoto akapumua. Kisha akapanda treni nasi hadi Lubumbashi, njia nzima akiusafisha ule mrija usizibe. Kule madaktari waliviondoa vile vinyama, vikaota tena, wakaviondoa tena.

Mtoto alirudi na mrija shingoni, bila sauti, nami kwa aibu nikawaambia watu: huyu muganga njo alikata sauti ya baba yangu. Mtaa ukamwita Mukata-sauti. Wazazi wakawaficha watoto wao asiwatibu. Mtoto mmoja, wa Kailo, alicheleweshwa hivyo, akaletwa kwake amekwisha kufa. Nilisikia habari hiyo, wala maneno yangu sikuyarudisha.

Matangani juma hili binti yangu, mtu mzima sasa, aliziba mrija kwa kidole, jinsi muganga alivyomfundisha, akasema kwa sauti ile ile ya kukwaruza: "Huyu njo alinipa pumzi." Watu wakanigeukia. Mimi mwenye koo zima nikainamisha kichwa.

Nililopaswa kulisema pale nalisema hapa. Muganga hakumkata mtu sauti. Sauti ya mtoto wako ikikwaruza wiki baada ya wiki, na pumzi ikipiga filimbi, usiulize inafanana na ya nani. Mpeleke.