Simenti ya Midomo Yetu

Jino langu la mbele lilianguka ndani ya lituma, siku ya ndoa ya binti yangu, mbele ya wakwe. Si mfupa, si karanga. Ndizi ya kupondwa, ambayo hata kibogoyo anaimeza! Mama mkwe wa binti yangu aliliona jino kwenye sahani.

"Mama mukwe, kumbe lituma yenu iko na mawe?"

Wakacheka. Binti yangu akainamisha kichwa.

Msiniambie ni vita. Vita ilinichukulia mume na nyumba, hiyo naijua. Meno yangu yalichukuliwa na munganga wa dispanseri yetu. Jina lake silisemi, kartie nzima, mtaa wote huu, inalijua.

Marehemu mama yangu alisugua meno kila asubuhi kabla ya kumsalimia mtu. Kijiti kilichotafunwa mpaka ncha iwe kama nywele, chumvi kidogo, mbele, nyuma, pale jino linapotokea kwenye fizi. "Ukoga wa leo unatoka na kijiti," alisema. "Ukiuacha unakuwa jiwe." Alikufa akitafuna muwa.

Vita ikafika Kindu, mji wetu. Treni ikakatika, na chumvi nayo. Kukata kijiti porini ilikuwa kukutana na bunduki. Nilisugua kwa kidole, fizi zikatoa damu, nikaenda kwa yule bwana wa dispanseri.

Akagonga ukoga wangu mgumu kwa ukucha. "Mama, hii njo simenti. Inashika meno. Ukiitoa, yote yanaanguka. Acha kusugua kabisa."

Na sisi wajinga tukaamini! Wanawake wazima tulifunguliana midomo kisimani: "Angalia yangu, imeshika kuliko yako." Tukafuga uchafu kama kuku.

Asubuhi moja nilimpeleka binti yangu, mchanga bado, ana homa. Nikamkuta yule bwana nyuma ya dispanseri, brosi mdomoni, povu mpaka kidevuni. Miguuni pake karton wazi: brosi na dawa ya meno, msaada uliotumwa kwa ajili yetu. Sikuuliza. Homa ya mtoto ilikuwa mikononi mwake. Tena, mcheke msicheke, nilifikiri meno ya wakubwa ni ya namna nyingine.

Baada ya ndoa nilimwona daktari wa meno, kijana. Nikamwambia habari ya simenti. Akanifungua mdomo, akaangalia. "Mama, hiyo simenti njo ilikula fizi zako."

Na yule bwana? Alikuwa kwenye ndoa, meza ya heshima, akivunja mfupa wa kuku kwa meno yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyempakulia.

Sasa namuuliza mbele ya kartie. Wewe, brosi zetu zilienda wapi? Ulitudanganya tusiziombe, ndiyo au hapana? Usiseme vita, usiseme uzee, una miaka kunipita. Njoo kwangu, simama mbele ya binti yangu, ufungue huo mdomo wako uliojaa meno, ujibu.