Mganda Mwekundu wa Jumapili ya Mavuno

Watu wa kanisa letu la Kabiria husema mimi sisahau jina. Ni kweli. Jina la mtu aliyeniuzia mbegu nalijua, na la baba yake nalijua, na la nyanya aliyemlea. Hapa siliandiki hata moja. Akisomewa haya atajijua mwenyewe, na hilo linanitosha.

Marehemu mume wangu aliniachia shamba la kukodi huko Narok, shamba la ngano. Sisi tulikaa hapa Kabiria, Nairobi, ngano ikakaa Narok, na ngano hiyo ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba. Halafu, katika ile miaka ya elfu mbili na kidogo, ikaja kutu ya shina, ugonjwa wa ngano. Haikuwa kutu tuliyoizoea, ile ya kuchafua majani kidogo na kwenda zake. Hii ilipasua shina lenyewe, ukatoka unga mwekundu kama tofali lililosagwa. Ukipita shambani sketi inageuka rangi. Suke unaliona limesimama vizuri, lakini ukilifikicha mkononi unapata makapi. Na upepo ukiubeba ule unga leo, kesho uko kwa jirani.

Mbegu ya mume wangu ilikuwa haiwezi tena. Tukasikia kuna mbegu mpya inayostahimili, na mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na duka la mbegu na dawa za shamba huko mjini, upande wa chini. Nikaenda kwake. Ningeenda kwa nani, na ni yeye aliyenishikia kitabu cha nyimbo siku ya kumzika mume wangu?

"Mama, hii ndiyo ya sasa," akaniambia, akichota kiganja kimoja guniani. Punje zilikuwa na rangi ya waridi, vile mbegu iliyotiwa dawa inavyokuwa. "Utaijua ikitoa suke. Haina ndevu. Imenyolewa kama mimi."

Tukacheka. Nikamuuliza habari ya dawa ya ukungu.

"Dawa ya nini? Kutu itaipita hii ikiisalimia tu. Ukinyunyiza unamwagia upepo pesa zako."

Niliamini rangi, hapo ndipo aliponipata. Sisi tusiosoma karatasi ya gunia tunasoma rangi: ngano ya rangi ni ya kupanda, ngano isiyo na rangi ni ya kusaga. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchukua ngano ya kusaga akaivuruga na rangi ndani ya ndoo.

Ngano ilipotoa masuke, ilikuwa na ndevu. Ndevu ndefu, ngano ileile ya zamani. Nilisimama pale shambani nikaishika ndevu kwa vidole na nikajua. Niliitafuta dawa mbio, lakini kufika nayo, shina lilikuwa limeshapasuka. Jirani yangu wa shamba, mama wa Kimasai, alikuwa amepanda ya zamani pia, ila yeye aliita trekta ya kunyunyiza mapema, jani la mwisho lilipofunguka, akarudia masuke yalipotokeza. Hakuvuna sana, lakini alivuna. Akaniangalia na dawa yangu.

"Dada," akasema, "unamnywesha maiti."

Nilirudi dukani. Mzee wa kanisa alinisikiliza mbele ya wateja wake, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kwani hukunyunyiza, Mama? Basi kosa liko kwako."

Hakuishia hapo. Baada ya ibada nikasikia kwa wanawake wenzangu kwamba mbegu ilikuwa safi, ni yule mama asiyejua kusoma chupa ya dawa aliyeiua ngano ya mumewe. Shamba limeharibika, sawa, msimu mwingine upo. Lakini hao wanawake, wenye mashamba yao pia, walikuwa wakiniuliza mimi lini waanze kupanda, na sasa walikuwa wakinipa pole kama mtoto aliyevunja chungu. Na walikuwa wakiagiza mbegu kwake. Nikasema moyoni, huyu hatanizika nikiwa hai.

Kanisani kwetu, Jumapili ya mavuno kila mtu huleta alichojaliwa, kikapigwa mnada baada ya ibada. Mpiga mnada alikuwa ni yeye. Alikuwa na mtindo wake ambao kila mtu aliujua: hakinadi kitu kabla hajakikumbatia. Kuku, mkungu wa ndizi, kabeji, vyote alivibana kifuani kama anayebembeleza mtoto, watu wakacheka, bei ikapanda. Na kulikuwa na sheria ya wazee waliotutangulia: kitu kikikosa mnunuzi hakirudi kwa mwenyewe, maana ni cha Mungu. Hununuliwa na mpiga mnada.

Nilikata mganda wangu wa ngano kutu ikiwa bado nyekundu, kabla haijageuka nyeusi. Niliufunga kwa shuka jeupe lililopigwa pasi, nikaubeba kutoka Narok mapajani. Sikumwambia mtu, hata binti yangu.

Jumapili hiyo alivaa shati jeupe. Nilimshukuru Mungu kwa shati lile. Zamu yangu ilipofika nililifungua shuka polepole na kumpa mganda kwa mikono miwili. Akaupokea akiutazama umati, si mganda, akaukumbatia.

Alipoushusha kifua chote kilikuwa chekundu, na mikono, na kidevu. Watu wa nyuma wakasimama waone. Kisha mama mmoja mzee kuliko mimi, wa benchi la mbele, akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri:

"Mzee, si ulituambia mbegu yako haina ndevu? Mbona huyu hakunyoa?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake.

"Mama, hii umeitoa wapi?" akaniuliza, chinichini.

"Katika gunia lako."

"Hukunyunyiza dawa."

"Ulinikataza. Ulisema nitamwagia upepo pesa zangu. Haya, nadi, watu wanangoja."

Alinadi. Alianzia juu, akashuka, akashuka tena mpaka bei ya kiberiti. Hakuna aliyeinua mkono. Mchungaji alitazama Biblia yake. Basi akaununua yeye, akatembea nao mpaka kwake, na Kabiria nzima ikiwa njiani siku hiyo.

Baadaye alikuja kwangu na mkewe na kreti ya soda, akasema tusameheane. Nikamwambia nimesikia. Soda nikawapa watoto wa majirani. Wanawake walifuta oda zao. Wengine walitaka avuliwe ile kazi ya mnada, nami nikasimama mkutanoni nikakataa. Wakasema nina moyo wa Kikristo. Sikuwasahihisha. Nilimhitaji pale.

Msimu uliofuata sikuamini rangi ya mtu. Nilikwenda siku ya wakulima kwenye mashamba ya majaribio, nikaona kwa macho yangu aina moja imelala kwa kutu na nyingine kando yake imesimama kijani, na niliyoiona imesimama ndiyo niliyoipanda. Na bado niliita trekta ya dawa mapema, jani la mwisho likifunguka, maana kutu hubadilika. Mbegu iliyoishinda jana inaweza kulala kesho.

Jumapili ya mavuno nilileta mganda wa dhahabu, ndani ya shuka lilelile. Alikuwa na shati la bluu nzito. Aliupokea kwa ncha za vidole, mikono ameinyoosha mbali na kifua kama mtu anayebeba nyoka, na kanisa zima likawa linamtazama.

"Ukumbatie, mzee," nikamwambia. "Huu wangu hauchafui."