Nilimpa Binti Yangu Paja la Kuku kwa Uongo Wangu

Jamani, kosa ni langu, simsingizii mtu. Mimi ni mama wa kukaa nyumbani. Safari yangu ndefu kuliko zote kule Gulfton, mtaa wetu wa Houston, Marekani, ilikuwa kushuka ngazi kwenda kwenye mashine za kufulia. Sekondari nilimaliza kule Kongo, Kifaransa ninacho, lakini Houston nani anakitaka? Kiingereza kilikuwa cha binti yangu Neema, miaka tisa. Daktari, ofisi, barua, yote alinitafsiria yeye.

Jumamosi moja ya 2018, mchana kweupe, baba yake alinipasua mdomo kwa sababu ya shati. Shati! Jirani wa chini akaita polisi. Bwana, na ubabe wake wote, akajifungia chumbani kimya kama panya. Mlangoni tukasimama mimi na Neema, kitambaa chenye barafu bado kiko mkononi mwake.

"Mwambie niliteleza bafuni."

Akanitazama. "Maman..."

"Mwambie!"

Akamwambia. Polisi akaenda zake. Nami, mjinga wa kupindukia, nikampa Neema paja la kuku, lile la baba yake siku zote. "Umetafsiri vizuri, mtoto wangu." Mungu wangu!

Miezi michache baadaye mwalimu wake akaniita. Akaongea maneno marefu, macho mekundu. Neema akafupisha: "Anasema ninasoma vizuri."

Nikafurahi! Nikamshika mwalimu mkono, meno yote nje: "Thank you, thank you!"

Mwalimu akanishangaa, akapiga simu. Ikatoka sauti ya mwanamume anayesema Kiswahili, mkalimani.

"Mama, mwalimu anasema mtu akipaza sauti darasani, mtoto wako anajificha chini ya meza. Na jana alimsukuma mwenzake, akamtoa damu puani. Akamwambia: sema umeteleza."

Meno yangu nikayarudisha ndani.

"Neema, kwa nini umenidanganya?"

"Maman, si ndivyo tunavyotafsiri?"

Wala hakuwa na kiburi. Aliuliza kweli!

Nikaisogelea ile simu. "Mkalimani, mwambie mwalimu mimi sikuteleza."

Sasa tuko mji mwingine, Fort Worth, kwa dada yangu, bila yule bwana. Mnadhani yamekwisha? Nachoka, jamani, najichukia! Upepo ukibamiza mlango, mtoto wa miaka kumi na mmoja yuko chini ya meza, miguu inaonekana nje. Nikimwambia niko salama, kwanza anaukagua mdomo wangu. Kutafsiri amekataa kabisa. Ndiyo maana naenda darasa la Kiingereza na wazee, tunaonyeshwa picha ya kikombe, tunataja kikombe.

Mama mwenzangu, usijidanganye kwamba watoto hawaelewi. Polisi akigonga, mwache mtoto ndani, omba mkalimani wa simu, useme ukweli kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama umepasuka.

Mimi nilidhani kuku angemsahaulisha. Mpaka leo Neema hali paja.