Gemu Imenitapisha, Jirani Kanipa Hongera

Leo nimepewa hongera ya mimba nisiyokuwa nayo.

Tangu mume wangu arudi kazini melini mwezi uliopita, nyumba yetu ya Temeke imekuwa kimya mno. Kaniachia ile gemu yake ya mashindano ya magari, ya kuchomeka kwenye tivii. Mie huwa sichezi. Leo asubuhi nikaiwasha basi tu, nisikie zile kelele zinazojaaga sebuleni akiwepo.

Kona ya kwanza, kichwa kikazunguka.

Kona ya tatu, nikakimbilia uani.

(Msicheke. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, sijasogea popote.)

Natapika, nikasikia mkono mgongoni. Ni Mama Zuhura, jirani yangu, ambaye siku zote tunaishia kwenye shikamoo na marahaba.

"Pole mwanangu. Hongera. Ndiyo ya kwanza hii?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikatapika tena.

Akaenda kwake, akarudi na ndimu, na udongo wa kula kaufunga kwenye pindo la kanga. Akaketi. Akanisimulia mimba zake zote huku ananikanda miguu. Tivii ndani inanguruma, wala hakuiulizia.

Nimekuja mjini kwenye intaneti kafe kuwaandikia nyie mlio mbali, maana jioni anarudi na uji wa pilipili manga.

Nimwambieje? Akijua ni gemu, atakuja tena kwa lipi?

Udongo wenyewe nimeshaula.