Robo Kilo ya Pistoni

Pikipiki ya baba ilikufa kabla yake, na hakuna aliyeililia. Baba alikuwa akinunua kahawa Murukulazo na vijiji vya jirani. Pikipiki aliipata kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, ikiwa tayari imezeeka na imeshika tabia za mwenyewe: haikupenda kuharakishwa, na ilikunywa sana. Siku ilipogoma mlimani baba aliisukuma hadi nyumbani, akaiegemeza kwenye ukuta wa jiko, akasema ataitengeneza. Kuku wakaanza kutaga chini yake. Mama akaondoka kwa homa, baba akamfuata, na pikipiki ikawa bado imeegemea ukuta kama mgeni asiyejua kuaga.

Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa darasa la sita. Nilirudisha vitabu vya shule, nikabaki na jembe na wadogo zangu wanne.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa anaishi Biharamulo mjini. Alifika msibani akiwa ameshatugawa kichwani mwake tangu kwenye basi. Mmoja angechunga mbuzi wake, wengine wangetawanywa kwa ndugu, na mimi ningeolewa, na mtu aliyekuwa ameshanifikiria. Pikipiki angeiuza kwa wafua majiko.

"Utawalisha nini wadogo zako?" aliniuliza mbele ya watu.

"Ndizi tunazo, baba mkubwa. Zikifika soko la Lukole tutakula."

"Zitafikaje? Zina miguu?"

"Kwa pikipiki ya baba."

Msiba mzima ukacheka. Hata waliokuwa wanalia walipumzika kidogo ili wacheke.

Shangazi, dada yao mkubwa, hakucheka. Kwetu shangazi akitamka neno juu ya nyumba ya ndugu yake, wanaume huinamisha vichwa, na kama wana ubishi huuhifadhi mpaka ameondoka. Akasema, "Tutamaliza matanga maharage yakishavunwa. Siku hiyo, chuma hiki kikitoka uani chenyewe, bila kusukumwa na mtu, watoto watabaki hapa pamoja, na chuma kitakuwa chao. Kisipotoka, chukueni chuma, na watoto tutagawana."

Baba mkubwa alikubali haraka sana. Alikuwa ameliona yai kwenye bomba la moshi.

Miaka ile Lukole ilikuwa imejaa watu waliovuka kutoka Burundi, na soko la kambini lilikuwa kubwa kuliko soko lolote nililolijua wilayani Ngara. Humo ulipata kila kitu ambacho mtu anaweza kukimbia nacho kichwani, na vingine ambavyo mpaka leo sielewi nani alikimbia navyo. Niliona mtu anauza usukani wa lori. Usukani tu. Ukimuuliza lori liko wapi anakuangalia kama wewe ndiye mwenye matatizo.

Nilifungua injini kwa spana za baba, nikaifunga silinda kwa kitenge mgongoni, nikaenda kambini kutafuta fundi. Njiani wanawake walinipisha.

"Wa kiume au wa kike?" mmoja aliuliza.

"Wa chuma."

Fundi niliyempata alikuwa ametengeneza pikipiki za wakubwa wote wa Bujumbura, kwa maelezo yake mwenyewe, na kwa maelezo hayohayo hakuna hata mmoja aliyemshukuru. Kirundi chake na Kihangaza changu vilielewana vizuri, kwa hiyo majivuno yake yalinifikia yote bila kupungua. Aliishika silinda, akapitisha kidole ndani, akasema bado ni nzima. Kisha akaitazama pistoni, iliyokuwa na tundu kichwani.

"Hii imeshaungama na kupakwa mafuta," alisema. "Tafuta nyingine. Tembea na silinda yako. Ipake oili, utumbukize pistoni. Ikianguka kama jiwe, ni ndogo. Ikigoma kuingia, ni kubwa. Inatakiwa ishuke kama mzee anayekaa kitini."

Basi nikawa natembea masokoni kama mtu anayetafuta kiatu cha mtoto. Ringi, zile pete zinazovishwa pistoni, nilizipata Biharamulo, kwa muuza vyuma wa nyuma ya soko. Alikataa kuongea nami mpaka nimlete mume wangu. Nilimwambia mume wangu ni mkali sana na ameshaona bei zake, akapunguza. Kabureta alinitupia juu kama nyongeza, kwa sababu nyigu walikuwa wamejenga ndani. Niliichemsha nyumbani kwenye sufuria tuliyokuwa nayo, na tuliyokuwa nayo ilikuwa moja. Kwa muda mrefu baadaye maharage yetu yalikuwa na ladha ya petroli, na wadogo zangu walikatazwa kukaa karibu na moto baada ya kula. Mkatazaji nilikuwa mimi, na nilikuwa sitanii.

Pistoni ndiyo ilikataa kuonekana. Maharage yakaanza kukauka shambani. Nilishaanza kuwatazama wadogo zangu wakilala na kujiuliza nani ataenda na blanketi lipi.

Niliiona nilipokwenda kununua utumbo Lukole. Muuza nyama alikuwa na mizani ya kuning'iniza, nyama upande huu, mawe ya kupimia upande ule, na moja ya mawe lilikuwa pistoni. Aliiita robo kilo. Nilimwomba niijaribu kwenye silinda yangu. Alinitazama, akatazama mgongo wangu, akanipa kwa udadisi tu. Ilishuka taratibu, kama mzee anayekaa kitini, na mimi nikakaa chini kweli.

"Niuzie," nikamwambia.

"Nikikuuzia nitapimia nini?"

Siku iliyofuata nilimletea robo halisi, ya shaba, kutoka mizani ya kahawa ya baba. Niliona nimemletea mali. Akaiweka upande mmoja wa mizani na pistoni upande mwingine. Robo ya baba ilishuka chini puu. Pistoni ikapaa.

Foleni nzima ikasogea kutazama.

"Hii yako ni nzito mno," alisema muuza nyama kwa sauti ndogo. "Hii itanifilisi, binti."

"Ndiyo robo ya serikali, kaka."

"Serikali haiuzi nyama hapa."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu na kikapu alisogea mbele. "Kwa hiyo tangu tufike kambi hii," aliuliza polepole, "tumekuwa tunakula robo ya pistoni?"

"Mama, wewe subiri zamu yako."

"Zamu yangu ndiyo hii. Mpe mtoto wa watu chuma chake, na hiyo ya shaba ibaki hapohapo juu tuione."

Wakaanza kusema wote pamoja, na mmoja alikuwa ameshashika kisu cha muuza nyama, kwa ajili ya kuonyeshea tu. Nilipewa pistoni bila kulipa kitu, na nilipogeuka nilikuwa nimekatiwa utumbo pia.

Fundi aliifunga pistoni na ringi, akanielekeza mengine kwa mdomo, maana kutoka kambini kulihitaji kibali na kibali kilihitaji subira ambayo yeye hakuumbwa nayo. La mwisho lilikuwa platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. "Nafasi kati yao," alisema, akitoa kadi yake ya mgawo wa chakula, "ni unene wa kadi hii. Si zaidi."

Tatizo ni kwamba mimi sikuwa mkimbizi. Kadi ya mgawo sikuwa nayo, na yeye asingeniazima hata kama angenioa. Nilipofika nyumbani nilitumia kadi niliyokuwa nayo, ya ubatizo. Ilionekana karatasi ya heshima. Sikufikiria kwamba Kanisa lilikuwa na uwezo wa kununua karatasi nene kuliko waliokuwa wanagawa mahindi.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikuja wote, na mitungi ya pombe ya ndizi ilipangwa uani na mirija yake. Niliielekeza pikipiki kwenye njia, mdomo ukitazama barabara. Baba mkubwa aliwaambia wazee wahamie nyuma ya pikipiki, kwa usalama. Alijiwekea kigoda katikati, karibu na mtungi mkubwa.

Nilipiga kiki. Kimya. Nilipiga tena. Mguu ulikuwa umechoka, kwa hiyo ya tatu niliipiga kivivu, na injini ikarudisha teke, ikakohoa, halafu ikawaka. Moshi ulifunika uani. Wadogo zangu wakaruka. Nilipanda, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi, na pikipiki ya marehemu ikaondoka kinyumenyume.

Baadaye fundi alinieleza, kwa furaha kubwa, kwamba platini ikiachwa wazi kuliko kipimo cheche huwahi, na cheche ikiwahi mno, mashine ya namna ile huweza kuzunguka upande usio wake na isijue. Kwa wakati ule nilichojua ni migongo ya wazee ikipotea kwenye moshi. Nilipita kwenye mtungi mkubwa. Nilipita mahali palipokuwa na kigoda. Nilipasua ua wa matete wa nyuma na kusimama shambani, kati ya migomba, injini ikiendelea kunguruma kama iliyofanya kazi nzuri.

Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye machicha ya ndizi. "Haikutoka," alisema. "Imerudi nyuma. Kutoka ni kwenda mbele."

Shangazi aliukwepa mtungi uliopasuka, akaja hadi kwenye tundu la ua. Aliangalia upande huu, akaangalia upande ule.

"Hii iko ndani ya ua au nje?" aliuliza.

Wazee walitazama migomba, yeye akaendelea.

"Nani aliisukuma?"

"Hakuna, shangazi," nilisema.

"Basi watoto wanabaki. Na wewe," alimwambia ndugu yake, "inuka hapo, nyuki wanakuja."

Tulibaki wote watano. Platini niliirekebisha, na ndizi zetu zilifika Lukole, pikipiki ikienda mbele kunakoelekea watu wote. Baba mkubwa alipotutembelea tena aliomba nimpeleke kituo cha basi. Kabla ya kupanda alizunguka nyuma, akasimama kidogo akifikiri, akarudi mbele.

"Leo inaelekea wapi?" aliuliza.

Nilimwambia apande tu, tutaona.