Jicho la Kushoto la Kahonzi

Kahonzi Baya alikuwa mwanamke wa hasira tangu ujana wake, na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Kazi yake ilikuwa kushona makuti, kule nyuma ya kijiji cha Ganda, na mahoteli ya Malindi yaliyagombania makuti yake kwa sababu hayakuvuja. Alipofika miaka hamsini na ushei, macho yakaingia ukungu. Akaanza kuruka mishono, wanunuzi wakaanza kumrudishia mzigo, naye akawatukana wote bila kubagua. Mtoto wa jicho, akaambiwa, tena macho yote mawili.

Mwaka wa themanini na sita wakaja madaktari wa nchi moja ya ng'ambo, wakapiga mahema kwenye uwanja wa shule, wakatibu watu bure. Daktari mmoja wa kike, mnene na mcheshi, akampasua jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza Kahonzi alichokiona sawasawa ni uchafu wa leso yake mwenyewe, akacheka mpaka akakemewa atulie. Jicho la kushoto liliandikiwa tarehe kwenye kadi, mwezi wa tisa.

Mwezi wa nane chifu akaitisha baraza. Mheshimiwa mmoja alikuwa anatoka Nairobi kuwauliza wananchi kama mpango ule uendelee au ufungwe. Kahonzi akawahi, akaketi mbele kabisa, maana jicho lake ndilo lililokuwa likijadiliwa.

“Ile nchi haitupendi,” mheshimiwa alisema. “Inatafuta sifa. Leo watawapa dawa, kesho watawapa siasa. Na hao madaktari wenyewe hawana uhuru. Mishahara yao inaliwa na serikali yao. Sisi tufurahie matibabu ya namna hiyo?”

Gerishom, mhudumu wa zahanati aliyekuwa akiwatafsiria madaktari, akainuka. “Na hizo nchi nyingine zinazotujengea barabara, mheshimiwa, hizo zinatupenda?”

Akaambiwa akae. Wengine pale meza kuu wakadakia, huyu ubepari, yule ukomunisti, saa nzima juani. Kahonzi damu ilimchemka. Hakuna hata mmoja pale mezani aliyewahi kulazwa kwenye hema lile, wala mgonjwa hata mmoja hakuitwa aseme. Na la mishahara huenda lilikuwa kweli, kwani yule daktari aliwahi kumwambia, kupitia kwa Gerishom, kwamba hajamwona mwanawe kwa miaka miwili, na machozi yakamlengalenga. Basi si angeitwa aulizwe? Alikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale, akipasua macho ya watu.

Mheshimiwa akamaliza. Chifu akasimama. “Mgeni wetu ametoka mbali. Tumpigieni makofi ya kilo!”

Sasa, mgeni wa chifu hupigiwa makofi hata kama amesema upuuzi mtupu. Ndivyo watu walivyofunzwa tangu utotoni: wote kwa pamoja, kwa mpigo mmoja, na asiyepiga amemwaibisha mwenyeji. Wakapiga. Kahonzi naye akapiga, tena kwa nguvu, mikono ikienda yenyewe.

Nahashon, karani wa chifu, mtu wa bara mwenye mwandiko wa kupendeza, akaandika, kisha akasoma: “Wananchi, kwa kauli moja, wameunga mkono kufungwa kwa mpango huo.”

Kahonzi akaruka. “Kauli moja ya nani?”

“Mama, makofi yamelia uwanja mzima. Hata wewe umepiga, nimekuona.”

“Yale yalikuwa ya mgeni, mwanangu! Ya adabu! Hata mwizi ningempigia, angeletwa na chifu. Futa hayo!”

“Ikishasomwa haifutwi, mama.”

Mheshimiwa akamtazama kwa upole, ule upole wa mtu ambaye gari lake linamngoja. “Mama, unaijua siasa ya ile nchi?”

“Siijui. Na wewe, unamjua mgonjwa wao hata mmoja?”

Mheshimiwa akaingia garini. Gari likawashwa, watu wakatawanyika, na waliomwambia kimyakimya kwamba amesema kweli aliwafukuza kwa matusi, kwa kuwa nao walikuwa wamepiga.

Kabla ya wiki kwisha mahema yaling'olewa. Daktari alimkumbatia Kahonzi, wala hakuhitaji mkalimani. Daktari mwingine wa macho alikuwa Mombasa, na foleni yake ilikuwa ya mwaka mzima. Kahonzi alipofikiwa na zamu, jicho lilikuwa limeshaharibika, halipasuliki tena.

Alishona makuti kwa jicho moja miaka yote iliyofuata, kichwa kimeinamia upande. Wateja wapya walipomuuliza lile la kushoto liliharibiwa na nini, hakutaja ugonjwa.

“Nililipigia makofi,” alisema, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kucheka.