Kigoda cha Mlangoni

Siku ya kwanza Jicho alipoingia katika nyumba ile ya makumbusho, Bi Funguo alimwamuru avue viatu, suti au si suti.

"Sakafu nimeipiga nta jana. Na wewe unaonekana mtu wa kugusagusa. Mikono nyuma, mwanangu."

Hakukosea. Jicho aliuza samani kuukuu, na wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa hakuna cha thamani kilichompita. Alikuja kupeleleza kama kuna kitu cha kung'oa kwa bei ya kutupa. Bi Funguo naye aliitunza nyumba hiyo tangu alipofariki mwenye mali, daktari wa meno aliyekusanya vitu vya kale maisha yake yote.

Wakazunguka. Saa za ukutani kumi na tisa, kila moja na majira yake. Majambia juu ya ngazi, sahani za kaure mpaka bafuni. Sebuleni, nyuma ya kamba nyekundu, kiti cha enzi. Jicho alibana kicheko: misumari ya juzijuzi, weusi wa kiwi ya viatu. Daktari alipigwa mchana kweupe!

Waliporudi mlangoni, Bi Funguo akakalia kigoda chake cha kukatia tiketi. Miguu mitatu, gogo moja, hakina kiungo hata kimoja. Moyo wa Jicho ukaruka. Kile kilizidi thamani ya sebule nzima.

"Mama, mgongo hauumi hapo?"

"Unaniua. Nifanyeje?"

"Nitakuletea kiti cha maana, chenye mito na egemeo. Hicho kigogo nitakusaidia kukitupa."

"Ubarikiwe. Ila kilete kwanza."

Jumatatu Jicho alikipandisha kiti mwenyewe, jasho likimchuruzika. Bi Funguo akaketi, akaegemea, akajirusharusha kidogo, akashusha pumzi. Jicho akainama achukue chake. Mama yule akakipindua kigoda kwa ncha ya mguu. Chini yake paliandikwa "Na. 1", kwa rangi nyekundu.

"Mwandiko wa daktari. Ndicho alichoanza nacho. Akaniambia, 'Kile cha kamba waachie wajanja. Hiki kikalie.' Nimekikalia miaka ishirini na miwili."

"Na kiti changu?"

"Kimo kwenye daftari la wafadhili, na jina lako juu. Au nikufute, mbele ya wageni hawa?"

Nyuma yake watalii sita walikuwa wakivua viatu, wakimtazama. Jicho akatabasamu kwa meno yote. "Acha mama, kitu kidogo tu."

Hasara ilikuwa yake, hilo hakulibisha. Lakini kila mgeni anayekisifu kile kiti, Bi Funguo humwelekeza dukani kwa mfadhili, na watatu wameshanunua kama hicho bila kuomba kupunguziwa. Bi Funguo mgongo umenyooka. Kigoda hakijasogea mlangoni. Siku hizi anakitumia kuwekea miguu.